Asidi

Waliponiambia wanapiga jazi ya asidi
nilidhani wamekuja kununua.
Nikawaonyesha jagi la plastiki lililokaangwa na jua,
nikawaambia, angalieni macho yenu.
Hamadi Farajala alicheka hadi akaketi juu ya tairi.
Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, Bondeni, Nakuru,
stima imekatika tangu saa saba,
na ukumbi wa nyuma ya kinu cha posho umeshauza tiketi.

Nikawakodishia betri mbili za lori.
Kodi yenyewe hawajamaliza kulipa.

Usiku ule nilikwenda kulinda mali yangu, basi.
Nilisimama kando ya spika, koleo mkononi,
nikitazama waya, si watu.
Ndipo besi ikaingia.
Haikugonga. Ilivuja,
kama maji ya betri yanavyoangukia suruali
usihisi kitu, usione kitu,
hadi siku ya kufua
unapoinua nguo juani
na kuliona jua kupitia paja.

Ndivyo nilivyotobolewa.

Sasa ni miaka thelathini na ushei.
Vumbi Sita wamebaki wanne, jina hawakulipunguza.
Okwiri wa ngoma alirudi kwao Ugunja na goti lake.
Wachanga tulimzika Njoro, siku ya matope,
tarumbeta yake ikipitishwa mkono kwa mkono
kama mtoto mchanga asiyejua amefiwa.
Ukumbi umekuwa kanisa, ukawa ghala la vitunguu,
ukawa ukumbi tena. Harufu ya vitunguu haikuondoka.

Vijana huniuliza karakanani:
wale wazee, kila Ijumaa, nyimbo zilezile,
mnafuata nini?
Nawajibu nimeinama, sitaki asidi inirukie:
ndani ya betri maji ni yaleyale, risasi ni ileile,
kinachokwenda na kurudi ni moto.
Wanadhani nimewatega fumbo.
Nimewaeleza kazi yangu.

Halafu yupo Jemutai.
Katika wimbo wa nne kuna mahali
sauti yake ilikuwa ikipanda ngazi bila kushika ukuta,
ikifika juu, ikikaa huko kama yenye nyumba,
na wahudumu wakisahau chupa mikononi.
Kisha likaja lile jambo la koo,
wiki saba za wodi, na kovu
analolifunika kwa skafu ya kijani.

Aliporudi jukwaani tulikuwa tumejiandaa kumsamehe.

Hakuomba.
Alipofika pale mahali hakushusha wimbo,
wala hakumpa mtu mwingine amshikie.
Alifungua mdomo akanyamaza,
kwa urefu uleule wa zamani.
Besi iliendelea kuvuja chini yake,
kinanda kikangoja mlangoni,
na sisi tuliomjua, wallahi, tukaisikia nzima.

Nilijiambia ni kumbukumbu hiyo.
Kumbukumbu ni mzee wa mtaa,
hukuongopea ili umnunulie chai.

Lakini Ijumaa iliyopita alikuwepo Simiyu,
kijana anayenisaidia kuchaji, miaka ishirini na moja,
nimemleta anishikie kebo.
Kovu la Jemutai ni kubwa wake kwa umri.
Wimbo wa kwanza alikuwa kwenye simu.
Wa pili, kwenye simu.
Wa nne, Jemutai alipofungua mdomo na kunyamaza,
nilimwona akiinua uso taratibu
akatazama mabati,
kama mtu anayesikiliza
ikiwa mvua imeanza.

Sikumuuliza alisikia nini.
Na hata ningetaka, stima ilikatika papo hapo.
Hakuna aliyeguna, hakuna aliyewasha tochi;
besi ilikufa, ngoma ikashika njia peke yake,
nami nikapapasa gizani kuitafuta koleo.
Nilipoinama kwenye waya nilisikia mkono begani,
na sauti ya Hamadi, ileile ya juu ya tairi:
Fundi, tuwashie.
Hesabu tutafanya Ijumaa.